Nani Atamsukuma Kaka

TATIZO: Injini haiwaki.

ANGALIA
kama petroli ipo
kama kabureta inapitisha
kama plagi ina cheche
kama waya umeshika

Kama vyote viko sawa na bado haiwaki, basi

(Karatasi ya maelekezo imekatika hapo. Panya walikula kona.)


1. DAMASI, FUNDI

Mimi ni fundi baiskeli. Banda langu ni nguzo nne na bati, kwenye kona ya kwenda Lipangalala, hapa Ifakara. Mji huu kila mtu ana baiskeli, hata padri, hata mlevi, kwa hiyo sijawahi kukosa kazi. Kushindwa kazi pia sijawahi. Nakwambia hivyo ujue nilikuwa mtu wa namna gani nilipolifungua lile boksi.

Ndani yake kulikuwa na injini ndogo, ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Tanki la petroli. Kabureta. Mnyororo. Gia kubwa ya kufungwa kwenye spoku za tairi la nyuma. Klachi ya mkononi. Waya, na mfuko wa bolti ambazo chuma chake unaweza kukikata kwa meno. Ukivifunga vyote kwenye baiskeli ya kawaida, inatembea yenyewe. Hivyo ndivyo picha ya juu ya boksi ilivyosema. Kwenye picha kuna mzungu anacheka na miguu yake haifanyi kazi yoyote.

Baiskeli ilikuwa ya kaka yangu, Otmari.

Moyo pia ulikuwa wa kaka yangu, Otmari.


2. DAKTARI, kwa maneno ambayo mke wa Otmari aliyashika

Moyo umetanuka.
Asibebe mzigo.
Asilime.
Asiendeshe baiskeli.
Asi
Asi


3. OTMARI

Mimi ni kinyozi. Saluni sina. Nina sanduku la mbao, na ndani mna mkasi, wembe, kioo, brashi na mashine ya mkono, ile ya kubanabana, isiyojua umeme. Sanduku nalifunga kwenye keria na kwenda vijijini. Wazee wangu hawaji mjini. Wengine hawana miguu ya kuja, wengine hawataki kijana awaguse kichwa huku anazungumza na simu.

Ukimnyoa mtu tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka zimekuwa nyeupe, unakijua kichwa chake kuliko anavyokijua yeye. Yeye hajawahi kukiona kwa nyuma. Kuna mzee mmoja Namhanga, Mzee Likunama, ana kovu la jembe juu ya sikio. Wembe ukifika pale ananyamaza, nami nanyamaza. Hajawahi kuniambia nani alimpiga. Siulizi.

Daktari ameniambia nikae.

Nimekaa. Kuku wa nyumba hii sasa nawajua kwa tabia. Yule mwekundu ni mwongo, anatangaza yai ambalo hajataga. Hii ndiyo elimu niliyoipata kwa kukaa.


4. SKOLASTIKA, MKE WAKE

Nitasema kidogo.

Alipokatazwa kutoka, aliwanyoa watoto wote wa uani. Kisha wa jirani. Ukipita mtaa wetu ungedhani kuna msiba kila nyumba, watoto wote vipara. Alipowamaliza akaanza kumtazama mbuzi.

Jioni alikuwa anatoa vifaa sandukuni, anavifuta, anavipanga, anavirudisha. Kesho tena. Hakulalamika. Angelalamika ningejua la kumjibu.

Nikaenda bandani kwa shemeji Damasi. Nikamwambia, shemeji, ile injini uliyosema ipo, mfungie. Daktari amekataza miguu. Hakukataza injini.

Mimi ndiye niliyesema. Andika hivyo.


5. TATIZO: Injini haikai kwenye fremu.

Vyuma vya kushikia vimetengenezwa kwa fremu nyembamba. Baiskeli ya kaka ni ile ya zamani, bomba nene, chuma cha kweli. Nikakata kipande cha tairi, nikafunga. Injini ikacheza. Nikakata chuma cha kitanda kibovu, nikatoboa, nikafunga. Ikatulia.

TATIZO: Pedeli inagonga injini.

Nikapinda mkono wa pedeli kwa moto. Ukapita, bila kugusa.

TATIZO: Gia ya nyuma inayumba, mnyororo unaruka.

Spoku zikakatika. Nikaweka mpya. Zikakatika. Nikafungua gia, nikaikaza kidogo huku, kidogo kule, kama unavyokaza uso wa ngoma. Siku nzima. Jioni tairi likazunguka, gia ikazunguka nalo bila kupepesuka.

Kaka alikuwa amekaa kwenye benchi langu muda wote huo, sanduku miguuni.


6. YALIYOSIKIKA BENCHI

"Hiyo ikiwaka mimi nahama mji."

"Itawaka. Damasi akishindwa anaitisha msiba."

"Otmari, utatunyoa ukiwa juu ya mwendo?"

"Wewe nitakunyoa kwa mnyororo."

"Jamani mwacheni mzee wa watu na pikipiki yake ya kienyeji."

"Watumwa wangu hawa. Babu zao tuliwakuta wanatembea kwa miguu, leo wanataka kuruka."

Huyu wa mwisho ni Gama, mshona viatu wa banda la pili. Ni Mngoni. Sisi ni Wapogoro. Gama ni mtani wetu. Mtani anasema anachotaka, anachukua anachotaka, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ndivyo ilivyo tangu kwa babu. Sikio langu lilishamzoea Gama kama linavyozoea kelele za mashine ya kukoboa.


7. TANGAZO

OFISI YA SERIKALI YA MTAA WA MIKOROSHINI

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba chombo chochote cha magurudumu mawili kilichofungwa injini kitahesabiwa kuwa pikipiki, isipokuwa kama kina pedeli, ambapo kitahesabiwa kuwa baiskeli, isipokuwa kama injini hiyo inawaka, ambapo mmiliki atafika ofisini bila kukosa akiwa na maelezo.

Mwenyekiti wa Mtaa


(Haikuwa inawaka. Hatukwenda.)


8. TATIZO: Plagi haina cheche.

Unaifungua plagi, unaigusisha kwenye chuma, unazungusha tairi, unatazama ncha. Inatakiwa kuwe na cheche ya buluu.

Giza.

Nikabadilisha plagi. Giza. Nikafuata waya mmoja mmoja kwa kidole tangu injini mpaka mwisho. Kuna waya wa kuzimia, ule unaokwenda kwenye swichi ya usukani. Pale nilipoupitisha chini ya chuma cha kitanda ulikuwa umechubuka, shaba inagusa fremu. Kwa hiyo injini ilikuwa inaambiwa zima, zima, zima tangu siku niliyoifunga. Nikaufunga kwa mpira.

Buluu.

Kaka akasema, "Kumbe ilikuwa inatutii."


9. KARATASI YA MAELEKEZO, upande wa nyuma

Mpendwa mteja. Kwa kuwasha mashine yako ya furaha, fanya hivi.
Minya klachi.
Piga pedeli kwa nguvu mpaka baiskeli imepata mwendo.
Achia klachi. Mashine itashika uhai.
Ukitaka kusimama bila kuzima, minya klachi na kuifunga kwa kipini chake.
Ukizima, rudia mwanzo.


10. DAMASI

Upande wa nyuma niliusoma mwisho. Fundi husoma mwisho.

Piga

pedeli

kwa nguvu.

Nilisimama na karatasi mkononi. Haina kiki. Haina kamba ya kuvuta. Mimi nilidhani kiki imo ndani ya boksi na nimeisahau, nikarudi nikalikung'uta boksi. Likatoa vumbi.

Gama alikuwa na kiatu cha mtu mapajani. Akaiomba karatasi, akaisoma yote, akairudisha.

"Watumwa wangu," akasema. "Mmemfungia mgonjwa injini inayotaka mtu mzima."

Benchi zima likacheka. Kaka naye akacheka, mpaka akashika kifua.

Nikasema, "Tutamsukuma."


11. SUKUMA

Asubuhi ya kwanza tulimsukuma mimi na Gama. Kaka juu, sanduku nyuma, klachi ameiminya, miguu ameiweka tu. Tukakimbia. Nikapiga kelele achia. Akaachia. Baiskeli ikashtuka kama punda aliyechomwa, ikakohoa, ikatoa moshi mweupe,

ikawaka.

Sikumwona uso. Niliona mgongo. Mgongo wa mtu ambaye hajatoka nyumbani kwake tangu masika, unaondoka barabarani wenyewe, shati limejaa upepo. Hakugeuka kutuaga. Angegeuka angeanguka.

Gama akasema, "Ona anavyokimbia deni la kuninyoa."

Kisha akarudi kwenye kiatu chake.


12. WALIOMSUKUMA BAADA YA HAPO

Mimi.
Gama.
Mama wa vitumbua, akiwa na mtoto mgongoni.
Katekista.
Mlevi mmoja, ambaye alisukuma akaendelea kukimbia hata baiskeli ilipokwisha kuondoka.
Mgambo aliyekuja kuuliza habari za lile tangazo.
Skolastika. Mara moja. Aliweka mikono kwenye keria kama anayeweka mikono kwenye sufuria ya moto.


13. OTMARI

Sasa unataka kujua huko vijijini nafanyaje.

Hakuna aliyeniuliza, kwa hiyo nakwambia wewe. Nikimaliza kunyoa, ninayemnyoa ananisukuma. Akiwa hawezi, anaita mwanawe. Namhanga, mara ya kwanza, Mzee Likunama alikataa kuita mtu. Nilikuwa nimemnyoa nusu, petroli ikaanza kuvuja, tukataka kujaribu kama injini bado ni nzima. Akainuka na kichwa chake, upande mmoja kipara, upande mmoja pamba, taulo shingoni, akanisukuma uwanja mzima. Wajukuu walilala chini kwa kucheka. Nikazunguka kisima, nikarudi, nikazima, nikamalizia nusu iliyobaki.

Mzee akaniambia, "Otmari, mimi nilidhani nimeshamaliza kukimbia duniani."

Jioni nikifika nyumbani nazima mlangoni. Skolastika ananiuliza, umekula? Nasema nimekula. Damasi ananiuliza, mnyororo? Nasema mzima.

Hayo tu.


14. DAMASI

Alikuwa anarudi. Mtu akirudi humwulizi amerudije.


15. SKOLASTIKA

Mimi pia sikuuliza.


16. KITU AMBACHO WATU WA MJINI HUSAHAU

Mpunga ukianza kubeba, ndege wanashuka. Wanaweza kumaliza shamba lako wakati wewe unasali. Kwa hiyo watu wa vijijini wanahama. Wanafunga mlango kwa kamba, wanabeba sufuria, kuku, mkeka, mgonjwa, mtoto, wanakwenda kuishi bondeni kwenye madungu, vibanda vya juu ya miti minne, wanapiga madebe na kurusha mawe mpaka wavune. Kijiji kinabaki na mbwa. Wakati mwingine hata mbwa anafuata.

Sisi tuliozaliwa Namhanga tunajua hivyo.

Mimi na kaka tulizaliwa Namhanga.

Asubuhi ile nilimsukuma mwenyewe. Nikamwambia, kaka, unakwenda wapi leo? Akasema, Namhanga, Mzee Likunama nywele zitakuwa zimeshuka masikioni. Nikasema, haya.

Nilisema haya.


17. MWANAMKE ALIYERUDI KUCHUKUA CHUMVI

Tulikuwa tumehamia bondeni siku nyingi. Chumvi ikaisha, nikatumwa nyumbani. Nilipokaribia nikasikia pikipiki inanguruma pale uwanjani kwa Mzee Likunama. Nikasema wezi. Nikajificha kwenye migomba. Ikanguruma tu, haiji, haiendi.

Nikatoka.

Niliona baiskeli imesimama kwenye stendi yake, imenyooka vizuri. Moshi unatoka. Pembeni, ukutani, ameegemea yule kinyozi. Sanduku lipo mapajani. Nilidhani amesinzia. Kwenye mchanga palikuwa na alama za tairi, zimezunguka uwanja, zimezunguka tena, zinayumba.

Nilimsalimu. Shikamoo, baba.

Nilimsalimu tena.


18. DAMASI

Tulikwenda kwa gari la mpunga, mimi na Gama. Tulisikia injini kabla ya kuona nyumba. Klachi ilikuwa imeminywa na kufungwa kwa kipini chake, kama karatasi inavyosema. Kwa hiyo alipiga pedeli. Alizunguka uwanja mpaka ikashika. Ikawaka. Kisha akaona hawezi, akaisimamisha, akaifunga klachi, akakaa apumzike. Hakuizima. Angeizima ingebidi arudie mwanzo.

Nilimgusa kaka. Nikagusa injini.

Injini ndiyo iliyokuwa ya moto.

Watu wameniambia kwa kunifariji kwamba moyo ni kama injini, siku yake ikifika unazima. Waongo. Injini ile nimeifungua mpaka nati ya mwisho nikaitandaza kwenye gunia, nikairudisha, ikawaka. Msiniambie habari za injini.

Gama akauliza, "Nizime?"

Tukampakia kaka. Tukaipakia baiskeli ikiwa inaunguruma. Ilizimika yenyewe njiani, petroli ilipokwisha, karibu na daraja. Dereva akapunguza mwendo, akadhani ni gari lake.


19. TANGAZO LA MSIBA

Familia ya Ligongo inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao OTMARI LIGONGO, kinyozi, kilichotokea ghafla. Mazishi ni kesho baada ya Misa. Habari ziwafikie ndugu wote popote walipo, na waliopo bondeni kwenye madungu wafikishiwe na yeyote anayepita huko.


20. YALIYOSIKIKA UWANJANI, MSIBANI

"Alikuwa peke yake?"

"Kijiji kitupu."

"Nani alimruhusu?"

"Mke wake amekaa tangu jana. Hajalia."

"Mdogo wake yuko wapi?"

"Yule pale, nyuma ya choo, anakaza baiskeli."

"Anakaza nini sasa?"

"Muulize."


21. MZEE LIKUNAMA

Nimekuja kwa miguu kutoka bondeni. Nywele zimefika masikioni kweli. Watu wananiangalia. Waangalie. Sitanyoa.

Angepita bondeni. Tupo pale pale, ng'ambo ya mto mdogo. Angepiga kelele tu.

Angepiga kele


22. GAMA

Mimi ni mtani. Kuna kazi yangu msibani na nimeifanya kwa watu wengi. Mtani hali chakula cha msiba kwa bure. Nilichukua koti la marehemu msumarini, nikalivaa. Nikachukua sanduku lake. Nikaenda nyuma ya choo, nikamnyang'anya Damasi baiskeli. Nikatoka nayo mpaka mbele ya jeneza, pale pale lilipokuwa linainuliwa, nikaikalia, nikaziba njia.

Nikakohoa kama anavyokohoa yeye. Nikafuta kioo kwa kiwiko kama anavyofuta yeye. Watu wakaanza kucheka, wakiwa wanalia, ndivyo inavyotakiwa.

Nikasema kwa sauti ya Otmari:

"Mdogo wangu Damasi, niko tayari, nisukume niende kaburini. Lakini leo nakuuliza, maana jana ulisahau kuniuliza. Huko kaburini nani atanisukuma kurudi?"


23.

Kicheko cha watu kikakatika katikati.


24. DAMASI

Humnunii mtani.

Angesema padri ningeondoka. Angesema ndugu ningempiga. Kwenye uwanja ule wote kila mtu alikuwa nalo neno hilo mdomoni tangu jana, wanalitafuna, hawalitoi. Gama alilitoa, akaliweka chini mbele ya watu, na mimi nilitakiwa nicheke.

Aliyecheka ni Skolastika.

Alikuwa mlangoni, wanawake wamemshika mikono huku na huku. Alicheka kicheko kifupi, kama mtu aliyejikwaa. Kisha kikageuka. Sauti iliyomtoka baada ya hapo sijawahi kuisikia kwake wala kwa mtu. Wanawake walisema asante Mungu, amelia.

Gama hakuondoka njiani. Wabeba jeneza walisimama, mzigo uko mabegani. Padri akatazama saa, kisha akatazama chini, anajua desturi.

"Jeneza la mtumwa wangu halipiti," Gama akasema, bado kwa sauti ya kaka, "mpaka fundi anisukume. Nimezoea kusukumwa naye."

Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola ya koti la kaka, na sauti haikutetemeka. Sijui mtu anafundishwa wapi kazi ya namna hiyo.


25.

Nikaenda nyuma ya baiskeli.

Petroli nilikuwa nimeweka asubuhi, usiniulize kwa nini. Plagi nilikuwa nimeisafisha. Nikaweka mikono kwenye keria, pale kamba za sanduku zilipoilainisha rangi. Nikasukuma. Ilikuwa nzito. Kaka hakuwa mzito hivi.

Mikono mingine miwili ikaja kando ya mikono yangu. Ilikuwa na majivu. Sikumtazama shemeji, yeye hakunitazama. Tukasukuma. Watu wakaachia njia. Nyuma yetu nikasikia viatu vya wabeba jeneza vinaanza kutembea, kisha vinaharakisha, kwa sababu sisi tulikuwa tunaharakisha, na wimbo wa wanakwaya ukaanza kukatikakatika kwa kukosa pumzi.

"Achia," nikamwambia Gama. "Achia klachi."

"Bado," akasema, kwa sauti ile. "Sukumeni kidogo, wadogo zangu."

Tukasukuma.

"Achia."

"Bado kidogo."

Skolastika akasema, kwa sauti ya chini, kana kwamba aliyekaa juu pale ni mwenyewe, "Otmari, achia, tumechoka," na mimi nikainama, nikaweka bega, nika